Mahali pa kivumishi katika sentensi ya Kiitaliano: maelezo kwa wasemaji wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mama mmoja alimletea mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili barua iliyotoka Italia. Mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani zamani, na kwa muda wa miezi kadhaa halikuwa limefika neno lolote kutoka kwake. Barua ilikuwa fupi, na sentensi moja ndiyo iliyobeba uzito wake wote: "Abbiamo ricevuto certe notizie di suo figlio." Mwanafunzi, aliyekuwa amejifunza Kiitaliano kwa mwaka mmoja tu, alitafsiri hivi: "Tumepokea habari za hakika juu ya mwanao." Mama alifurahi, akawaita majirani. Kesho yake mwalimu alipoisoma barua ile, ilimbidi aseme kwamba mwandishi hakuandika hivyo. Aliandika: "Tumepokea habari fulani juu ya mwanao." Hakika haikuwamo. Lau angalitaka kusema "habari za hakika", angaliandika "notizie certe". Maneno ni yale yale mawili. Kilichobadilika ni mpangilio wake.

Kosa hili halikutokana na uvivu wala na kutojua msamiati. Mwanafunzi alilijua neno "certo" na alilijua neno "notizia". Asichokijua ni kwamba katika Kiitaliano mahali pa kivumishi ni sehemu ya maana yake. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa utaratibu, kwa faida ya wanafunzi na walimu wanaotafsiri baina ya Kiitaliano, Kifaransa na Kiswahili. Wako wengi miongoni mwetu: mapadre na watawa waliosomea Roma, wanafunzi wanaotafuta nafasi ya masomo huko, na watu wa kawaida wenye jamaa zao Italia ambao hutujia na barua na vyeti mkononi.

Tutaanza na tofauti iliyopo baina ya upatanisho na mpangilio. Kisha tutaeleza mahali pa kawaida pa kivumishi, vivumishi vinavyotangulia daima, na vile vinavyobadili maana kwa kubadili mahali. Baadaye tutatazama mabadiliko ya umbo, mpangilio wa vivumishi viwili au zaidi, kivumishi katika kiarifu, na mwisho mitego ambayo Kifaransa humtegea mwanafunzi wa Kongo.

2. Upatanisho si mpangilio

Msemaji wa Kiswahili hapati shida kubwa kuelewa kwamba kivumishi hupatana na nomino yake. Amezoea kusema "mtoto mzuri, watoto wazuri, kitabu kizuri, vitabu vizuri". Kiitaliano nacho kina upatanisho, ila huja mwishoni mwa neno, nao hufuata jinsia mbili na hesabu mbili. Vivumishi vya kundi la kwanza vina maumbo manne: "rosso, rossa, rossi, rosse" (-ekundu). Vya kundi la pili vina maumbo mawili tu: "forte, forti" (-enye nguvu), umoja na wingi, bila kujali jinsia. Vipo pia vichache visivyobadilika kamwe, kama "blu", "rosa" na "viola", ambavyo twaweza kuvilinganisha na vivumishi vyetu visivyopokea viambishi, kama "safi", "hodari" na "ghali".

Jambo la kukumbuka ni kwamba upatanisho huu hautegemei mahali. Kivumishi kitangulie au kifuate, hupatana vile vile: "una casa bella", "una bella casa". Kwa hiyo upatanisho hauwezi kumwambia msomaji kwa nini mwandishi alichagua mpangilio mmoja akaacha mwingine. Swali hilo ni la sintaksia na semantiki, si la mofolojia.

Historia yatusaidia kidogo hapa. Katika Kilatini, miishio ya maneno ilionyesha kazi ya kila neno katika sentensi, hata kivumishi kiliweza kukaa mbali na nomino yake pasipo kuleta utata. Kiitaliano, kama lugha nyingine nyingi zilizozaliwa na Kilatini, kilipoteza miishio hiyo ya uhusika katika nomino na vivumishi. Kivumishi kikabaki karibu na nomino, lakini kikahifadhi uhuru wa kukaa mbele au nyuma yake, na uhuru huo ukapewa kazi. Majina ya vitabu mashuhuri yaonyesha njia zote mbili. Dante aliandika "Vita nuova", kivumishi nyuma. Shairi lake kubwa yeye aliliita "Commedia" tu. Boccaccio ndiye aliyeliita la kimungu, na neno "Divina" likaingia katika jina la kitabu kilipopigwa chapa Venezia mwaka 1555. Pietro Bembo naye, katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya lugha ya fasihi, aliandika "Prose della volgar lingua", kivumishi mbele.

3. Mahali pa kawaida: baada ya nomino

Mahali pasipo na alama yoyote ya pekee, mahali pa kawaida pa kivumishi cha sifa katika Kiitaliano ni baada ya nomino. Hapa Kiswahili na Kiitaliano vinakutana: "un libro utile", kitabu chenye faida, "una strada larga", barabara pana. Yapo makundi ya vivumishi ambayo katika lugha ya kawaida hayakubali mahali pengine:

(a) Vivumishi vya rangi na vya umbo: "una camicia bianca", shati jeupe; "un tavolo rotondo", meza ya duara.

(b) Vivumishi vya taifa, dini na chama: "uno scrittore congolese", mwandishi Mkongo, "la Chiesa cattolica", Kanisa Katoliki.

(c) Maumbo ya vitenzi yanayotumika kama vivumishi: "una porta aperta", mlango uliofunguliwa, "acqua bollente", maji yanayochemka.

(d) Vivumishi vyenye kiambishi cha udogo au cha kulainisha maana: "un bambino piccolino", mtoto mdogo mdogo.

(e) Vivumishi vyenye kijalizo: "un bicchiere pieno d'acqua", bilauri iliyojaa maji. Hata kivumishi ambacho peke yake kingeweza kutangulia, kikiongezewa kielezi, kwa kawaida hurudi nyuma: "un bel libro", lakini "un libro molto bello".

(f) Vivumishi vya uhusiano, yaani vile vilivyonyambuliwa kutoka katika nomino na ambavyo havitaji sifa bali uhusiano wa kitu na kitu: "energia solare", "elezioni presidenziali", "politica estera".

Kundi hili la mwisho ndilo kubwa kupita yote katika magazeti, sheria na vitabu vya elimu. Msemaji wa Kiswahili anayo njia nyepesi ya kulitambua. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya namna hii. Mahali pake hutumia -a ya uhusiano pamoja na nomino: "nishati ya jua", "uchaguzi wa rais", "siasa ya nje". Basi, kivumishi cha Kiitaliano kikitafsirika kwa -a na nomino inayotaja kitu, mahali au mamlaka, mwanafunzi akiweke baada ya nomino bila kusita. Jina la nchi yetu ni mfano mzuri: "Repubblica Democratica del Congo", Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpangilio ni ule ule, neno kwa neno, na hakuna Mwitaliano atakayesema "Democratica Repubblica".

Vivumishi vya uhusiano vina alama nyingine mbili. Havikubali kielezi cha kiasi: haisemwi "energia molto solare", kama vile kwetu haisemwi "nishati ya jua sana". Tena kwa kawaida havipendi kukaa katika kiarifu peke yake. Neno moja laweza kuwa la uhusiano pahali pamoja na la sifa pahali pengine. "Il sistema nervoso" ni mfumo wa neva, na hapo kivumishi hakihamishiki. "Un uomo nervoso" ni mtu mwenye wahaka, na hapo ni sifa, ambayo mwandishi wa riwaya aweza kuitanguliza.

4. Vivumishi vinavyotangulia daima

Maneno yasiyotaja sifa, bali huonyesha, humilikisha au huhesabu, hukaa mbele ya nomino. Hapa ndipo Kiswahili na Kiitaliano vinapoachana.

Kivumishi kionyeshi: "questo libro", kitabu hiki. Kivumishi kimilikishi: "il mio libro", kitabu changu. Vivumishi vya idadi: "due libri", vitabu viwili, "il primo libro", kitabu cha kwanza, "molti libri", vitabu vingi, "pochi libri", vitabu vichache. Neno "ogni" lastahili kutajwa peke yake, kwani ni ndugu kamili wa "kila" yetu: hutangulia daima, halibadiliki, nalo hufuatwa na nomino ya umoja. "Ogni uomo" ni "kila mtu". Neno "tutto" hutangulia hata kibainishi: "tutti i libri", vitabu vyote.

Kuna mambo machache yanayokiuka. Kimilikishi hurudi nyuma katika misemo kama "casa mia", nyumbani kwangu, na "colpa mia", kosa langu, vile vile katika kuita: "figlio mio!", mwanangu! Kivumishi cha idadi ya mpango hufuata majina ya wafalme na mapapa: "Giovanni Paolo secondo". Nje ya hayo, kanuni ni imara.

Mfano mmoja utaonyesha kanuni za sehemu mbili hizi zikifanya kazi pamoja: "la seconda guerra mondiale", Vita vya Pili vya Dunia. "Seconda" ni neno la hesabu, hutangulia. "Mondiale" ni kivumishi cha uhusiano, hufuata. Kiswahili huyaweka yote mawili nyuma.

5. Sifa ya kubagua na sifa ya kueleza

Sasa twafika kwenye kiini cha makala haya. Vivumishi vingi vya sifa vya kila siku, kama "bello, grande, piccolo, vecchio, nuovo, povero, lungo, stretto", vyaweza kukaa mbele au nyuma. Je, mwandishi huchagua kwa kipimo gani? Tulinganishe sentensi mbili:

(1) Le strade strette del villaggio sono pericolose.
(2) Le strette strade del villaggio sono pericolose.

Sentensi ya kwanza kwa kawaida husema: katika kijiji kile zipo barabara nyembamba na zipo pana; zile nyembamba ndizo za hatari. Kivumishi kinabagua: kinatenga baadhi ya barabara na kuziacha nyingine. Sentensi ya pili husema: barabara za kijiji kile zote ni nyembamba, nazo ni za hatari. Kivumishi hakibagui, kinaeleza tu jambo ambalo mwandishi analichukua kuwa limekwisha kujulikana au halihitaji kubishaniwa.

Kwa hiyo twaweza kuiandika kanuni hivi: kivumishi cha sifa kinachofuata nomino chaweza kubagua, kinachotangulia, kwa kawaida hakibagui. Tunasema "chaweza" kwa makusudi, maana kivumishi cha nyuma mara nyingine hueleza tu, na muktadha ndio unaoamua. Maneno ya kulinganisha na ya mpango, kama "i migliori studenti", wanafunzi bora kupita wengine, yako nje ya kanuni hii: hayo hutangulia na bado huteua.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mtu akisema "Ho venduto i libri vecchi", ameuza vile vilivyo vikuukuu, na vipya bado anavyo. Akisema "Ho venduto i vecchi libri", ameviuza vitabu fulani vinavyojulikana, na uzee wao ni maelezo ya ziada. Mrithi anayeuliza kilichobaki katika sanduku la marehemu atapata majibu mawili tofauti.

Je, Kiswahili hakina jambo la namna hii? Kinalo, ila hakilifanyi kwa vivumishi vya sifa. Tazama kivumishi kionyeshi. "Mtu yule" humwonyesha mtu aliye mbali nasi na kumtenga na wengine. "Yule mtu" mara nyingi ni mtu tuliyekwisha kumtaja katika hadithi. Hatumchagui tena, twamrudia. Yaani katika Kiswahili pia, kitanguliacho nomino huelekea kubeba jambo linalojulikana, na kifuatacho huelekea kubagua. Mwanafunzi akiikumbuka tofauti baina ya "yule mtu" na "mtu yule", atakuwa na ngazi ya kupandia hadi kwenye tofauti baina ya "le strette strade" na "le strade strette". Mambo hayo mawili si sawasawa, bali yamefanana vya kutosha.

Kutokana na kanuni hii twaelewa pia kwa nini washairi na wasemaji wa hadhara hupenda kutanguliza vivumishi. Theluji yote ni nyeupe. Anayesema "la bianca neve" hatofautishi theluji na theluji, anaipamba. Hata rangi, ambayo tulisema hufuata, yaweza kutangulia inapokuwa pambo. Lugha ya ofisi nayo ina desturi yake: "la presente domanda", ombi hili, "il suddetto studente", mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Hapo kivumishi hutangulia kwa kuwa hufanya kazi ya kuonyesha. Lakini "gli studenti presenti" ni wanafunzi waliohudhuria. Anayetafsiri cheti au ombi na atahadhari na neno hili "presente".

6. Vivumishi vinavyobadili maana

Kwa baadhi ya vivumishi, tofauti ya mahali imekomaa hata ikawa kama maneno mawili. Tutataja vile ambavyo mwanafunzi atakutana navyo mara nyingi.

(a) "Povero". "Un uomo povero" ni mtu fukara. "Un pover'uomo" ni mtu wa kuhurumiwa, hata awe tajiri. Kiswahili chatenda vivyo hivyo kwa neno "maskini": "mtu maskini" hana mali, bali "maskini mtu huyu!" ni sauti ya huruma. Mfano huu peke yake watosha kumwonyesha msemaji wa Kiswahili kwamba jambo tunalolieleza si geni kwake.

(b) "Grande". "Un uomo grande" ni mtu mwenye umbo kubwa. "Un grand'uomo" ni mtu mashuhuri kwa matendo yake.

(c) "Vecchio". "Un amico vecchio" ni rafiki aliye mzee. "Un vecchio amico" ni rafiki wa siku nyingi, naye aweza kuwa kijana: urafiki ndio uliozeeka.

(d) "Nuovo". "Una macchina nuova" ni gari jipya, halijatumiwa. "Una nuova macchina" ni gari jingine, pengine lililotumiwa na watu watatu kabla yako.

(e) "Alto". "Un funzionario alto" ni mtumishi wa serikali aliye mrefu. "Un alto funzionario" ni mtumishi mwenye cheo cha juu.

(f) "Semplice". "Una domanda semplice" ni swali rahisi. "Una semplice domanda" ni swali tu, si zaidi, nalo laweza kuwa gumu sana.

(g) "Solo". "Un bambino solo" ni mtoto aliye peke yake. "Un solo bambino" ni mtoto mmoja tu.

(h) "Diverso". "Persone diverse" ni watu wanaotofautiana. "Diverse persone" ni watu kadhaa.

(i) "Numeroso". "Famiglie numerose" ni familia zenye watu wengi. "Numerose famiglie" ni familia nyingi, hata kama kila moja ina watu wawili.

(j) "Certo". "Notizie certe" ni habari za hakika. "Certe notizie" ni habari fulani.

Mtu akiisoma orodha hii kwa makini ataona kwamba haikupangwa na bahati nasibu. Kivumishi kikifuata, hutaja sifa ya kitu chenyewe, sifa inayoweza kuonwa, kupimwa au kuhakikishwa: umbo, umri, urefu, ufukara, uhakika. Kikitangulia, hutoka katika kitu na kugusa jambo jingine: idadi yake ("numerose, diverse, un solo"), cheo au uhusiano wake ("alto, vecchio"), au hisia ya msemaji ("povero"). Anayeikumbuka njia hii hana haja ya kukariri orodha yote. Kiswahili hulipa deni hili kwa maneno mengine: "tu", "fulani", "kadhaa", "mwingine", "wa siku nyingi". Kwa hiyo katika kutafsiri si sahihi kuandika "swali rahisi" kila mara tuonapo "semplice". Lazima kwanza tutazame limekaa wapi.

7. Mahali na umbo

Kivumishi kinapotangulia, pengine hubadili umbo lake, na pengine hubadili umbo la kibainishi. "Bello" likitangulia hufuata mfano wa kibainishi: "un bel libro, un bello specchio, un bell'albero, bei libri, begli alberi". Likifuata hurudia umbo lake kamili: "un libro bello, alberi belli". "Buono" hukatwa: "un buon libro", bali "un libro buono". "Grande" laweza kuwa "gran": "un gran rumore", kelele kubwa. "Santo" lina maumbo kadhaa mbele ya majina ya watakatifu: "San Pietro, Sant'Antonio, Santo Stefano, Santa Maria", nyuma ya nomino hubaki zima: "lo Spirito Santo".

Kibainishi nacho hutazama neno linalokifuata mara moja, si nomino yake. Ndiyo maana twasema "uno studente", lakini "un bravo studente". "Lo zio", lakini "il vecchio zio". "Un libro", lakini "uno strano libro". Wanafunzi wetu hukosea mara nyingi hapa, kwa kuwa hukariri kibainishi pamoja na nomino, kisha huingiza kivumishi katikati bila kutazama upya.

8. Vivumishi viwili au zaidi

Nomino yaweza kuzungukwa pande zote mbili: "una bella casa bianca", nyumba nzuri nyeupe. Kivumishi cha mbele hutoa hukumu ya msemaji, cha nyuma hutambulisha kitu. Huu ndio mpangilio wenye kupendeza zaidi katika sikio la Mwitaliano.

Vivumishi viwili vikifuata, cha uhusiano hukaa karibu kabisa na nomino: "la politica estera italiana", siasa ya nje ya Italia, "l'industria automobilistica italiana", viwanda vya magari vya Italia. Kiswahili hufuata mpangilio huo huo, nasi twaweza kukitegemea. Vivumishi vya daraja moja huunganishwa kwa "e": "un libro bello e utile". Jambo la kuangaliwa ni hili: nomino ya wingi yaweza kufuatwa na vivumishi viwili vya umoja, kila kimoja kikitaja kitu kimoja: "le lingue italiana e francese", lugha za Kiitaliano na Kifaransa. Si kosa la upatanisho. Lugha ni mbili, lakini Kiitaliano ni kimoja na Kifaransa ni kimoja.

Uhuru wa mpangilio pengine huzaa utata. Walimu wa isimu hupenda sentensi "La vecchia porta la sbarra." Ikiwa "vecchia" ni kivumishi kinachoitangulia nomino "porta", maana yake ni "Mlango mkuukuu unamzuia." Ikiwa "vecchia" limesimama kama nomino, na "porta" ni kitenzi, maana yake ni "Mwanamke mzee anabeba ile nondo." Kama kivumishi kisingeweza kutangulia, utata huu usingezaliwa.

9. Kivumishi katika kiarifu

Hadi sasa tumezungumza juu ya kivumishi kilichomo katika kirai nomino. Kivumishi chaweza pia kuwa katika kiarifu, baada ya kitenzi "essere" au kitenzi kingine: "La casa è bella", nyumba ni nzuri, "I bambini tornano stanchi", watoto hurudi wakiwa wamechoka. Upatanisho hubaki.

Ugumu huja pale kivumishi kinapomhusu mtendwa. "Il giudice ha condannato il giovane innocente": hakimu alimhukumu kijana asiye na hatia. "Il giudice ha dichiarato innocente il giovane": hakimu alitangaza kwamba kijana hana hatia. Katika sentensi ya kwanza kivumishi ni sehemu ya kirai nomino. Katika ya pili ni sehemu ya hukumu yenyewe, nacho mara nyingi huwekwa mara baada ya kitenzi, mbele ya kibainishi. Alama ni hiyo: kivumishi kikisimama nje, kabla ya kibainishi, si pambo la nomino, ni habari mpya. Katika karatasi za mahakama tofauti hii yaweza kumweka mtu ndani au nje ya gereza.

10. Mitego ya Kifaransa

Mwanafunzi wa Kongo hufika kwenye Kiitaliano akiwa na Kifaransa, na mara nyingi Kifaransa humsaidia. Tofauti ya "certaines nouvelles" na "des nouvelles certaines" ni ile ile ya Kiitaliano, na mwanafunzi wetu wa barua angejiokoa kama angeipitia. Lakini mitego mitatu yafaa kutajwa.

Kwanza, Kifaransa kina vivumishi vifupi vya kila siku, kama "petit, grand, beau, jeune", ambavyo kwa desturi hutangulia. Kiitaliano hakina desturi hiyo kwa lazima. "Une petite maison" haina budi kutangulizwa; Mwitaliano huchagua. Anayetafuta nyumba ya kupanga, na udogo ni sharti lake, atasema "cerco una casa piccola".

Pili, katika kupambanua kilichozidi vyote, Kifaransa hurudia kibainishi: "la maison la plus grande". Kiitaliano hakirudii: "la casa più grande".

Tatu, "ancien ministre" si "antico ministro". Neno "antico" humpeleka waziri huyo kwenye zama za kale. Kiitaliano husema "ex ministro", na shule niliyosoma zamani ni "la mia vecchia scuola".

11. Hitimisho

Tumeona kwamba mahali pa kivumishi katika Kiitaliano si suala la ladha tu, wala si sheria moja ya kukariri. Mbele ya kila kivumishi, mwanafunzi na ajiulize maswali manne kwa mfululizo. Je, neno hili huonyesha, humilikisha au huhesabu? Kama ndivyo, mahali pake ni mbele. Je, latafsirika kwa -a na nomino, au ni rangi, umbo au taifa, au lina kijalizo? Kama ndivyo, mahali pake ni nyuma. Kama ni sifa ya kawaida, je, nataka kubagua au kueleza tu? Na mwisho, je, neno hili ni miongoni mwa yale yenye maana mbili?

Kiswahili hakimwachi mwanafunzi mikono mitupu katika kazi hii. Kina "kila" kinachotangulia kama "ogni", kina "yule mtu" na "mtu yule", kina "maskini" anayehurumiwa na maskini asiye na kitu. Kumfundisha mtu lugha ya kigeni kwa kumrudisha kwanza katika lugha aliyoizoea ni njia ambayo idara zetu za lugha zingefaa kuifuata zaidi.

Mwanafunzi tuliyeanza naye alikwenda nyumbani kwa yule mama, akamweleza kosa lake, akaomba radhi. Kisha waliketi pamoja, mama akisema na yeye akiandika jibu la barua ile. Sentensi ya mwisho aliiandika polepole, akakiweka kivumishi mahali pake: "La prego di mandarmi notizie certe di mio figlio."